Jina la Kwanza Kwenye Orodha: Jinsi Mashine Inavyotambua Kemikali, Tukianzia na Pareto Yetu

Anayelima pareto Umalila, Makete au Mufindi anajua kwamba thamani ya ua lile jeupe iko kwenye sumu yake, kama wakulima wenyewe wanavyoiita. Ndiyo inayoangusha mbu na nzi, na katika ua lililokauka vizuri huwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito. Kinachobaki ni majani makavu kama majani mengine.

Kikemia, sumu hiyo si kitu kimoja. Ni kampaundi sita zinazofanana sana: pirethrini I na II, sinerini I na II, jasmolini I na II. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka ndio waliofungua njia ya kuujua muundo wake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1924. Leo maua ya Nyanda za Juu Kusini hukamuliwa Mafinga, na dondoo lake huingia kwenye dawa za kuua wadudu sehemu nyingi duniani.

Sasa chukua chupa ya dawa inayouzwa Mwanjelwa, imeandikwa kwamba ni pareto asilia. Ndani mna nini? Ukiipeleka maabara yenye spektrometa ya masi, baada ya muda utaletewa karatasi yenye majina ya kemikali, kila jina na alama zake pembeni. Watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa sayansi, huipokea karatasi hiyo kana kwamba mashine imeona kemikali na kuitaja. Mashine haijui jina hata moja. Jina limetoka kwenye maktaba ya kompyuta, limechaguliwa na programu kwa hesabu, na hesabu hiyo ina mipaka ambayo mwenye kusoma karatasi lazima aijue.

Kuvunja ili kutambua

Tuanze na mashine iliyozoeleka zaidi, GC-MS, yaani kromatografia ya gesi, inayotenganisha kampaundi, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayopima tungamo. Sampuli huyeyushwa katika kimiminika kama heksani, tone dogo hudungwa kwenye mlango wenye joto, linageuka mvuke, na gesi ya heli inausukuma mvuke huo kupita kwenye mrija mwembamba ambao mara nyingi una urefu wa mita 30. Kampaundi zinazoingia pamoja hutoka kwa zamu, kwa sababu kila moja hushikwa na ukuta wa ndani wa mrija kwa kiasi chake. Inapotoka, hupigwa na elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70. Pigo hilo ni kubwa mno kwa molekuli. Inapoteza elektroni, inavunjika, na vipande vyenye chaji, yaani ioni, hupimwa tungamo kimoja kimoja. Kinachopatikana ni mchoro wa mistari iliyosimama: mahali ulipo mstari panaonyesha tungamo la kipande, na urefu wake unaonyesha wingi wa kipande hicho. Mchoro huo ndio spektra.

Namba 70 imebeba mambo mengi. Katika nishati hiyo, tofauti ndogo kati ya mashine na mashine haibadilishi sana namna molekuli inavyovunjika, na kwa miongo mingi watengenezaji wote wameifuata. Ndiyo maana spektra iliyopimwa Marekani miaka ya 1970 inaweza kulinganishwa leo na spektra iliyopimwa Mbeya kwa mashine ya kampuni nyingine kabisa. Bila makubaliano hayo, maktaba za spektra zisingekuwa na maana.

Tutazame pirethrini I kwa karibu. Fomula yake ni C21H28O3, tungamo lake 328. Ungetegemea mstari wa 328 usimame juu, lakini huo ni hafifu, kwa sababu molekuli nyingi huvunjika kabla ya kupimwa. Mstari mrefu kuliko yote uko kwenye 123. Hicho ni kipande chenye kaboni 9 na hidrojeni 15, kinachotoka upande wa asidi wa molekuli. Kikipoteza sehemu ya tungamo 42 kinabaki 81, nao mstari huo unaonekana.

Ugumu unaanzia hapo. Sinerini I na jasmolini I zina asidi ileile, kwa hiyo nazo hupaza sauti kwenye 123. Na haziko peke yake. Aletrini, kemikali iliyotengenezwa maabara kwa kuiga pareto na kutangazwa mwaka 1949, ina asidi hiyohiyo na mstari huohuo wa 123. Mtu anayesoma mstari mrefu tu hawezi kutofautisha ua la Makete na kemikali ya kiwandani. Lazima ashuke kwenye mistari midogo na atafute alama ya molekuli nzima: 328 kwa pirethrini I, 316 kwa sinerini I, 330 kwa jasmolini I, 302 kwa aletrini.

Kwa permetrini, dawa nyingine ya viwandani iliyoenea sana, kazi ni rahisi. Mstari wake mkuu uko 183, na ina atomu mbili za klorini. Klorini asilia ina isotopu mbili, yaani atomu za aina mbili zinazotofautiana tungamo, 35 na 37, kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1, hivyo kipande chenye klorini mbili hutoa mistari mitatu iliyopishana kwa 2. Kwa permetrini mistari hiyo iko 163, 165 na 167, kwa uwiano wa karibu 9 kwa 6 kwa 1. Kampaundi sita za pareto hazina klorini hata chembe. Chupa ya "pareto asilia" yenye mistari hiyo ina kitu ambacho hakikutoka kwenye ua.

Alama zinatoka wapi

Maktaba kubwa inayotumika zaidi kwa spektra za aina hii ni ile ya NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, yenye kampaundi zaidi ya 300,000. Nyingine ni ya Wiley, iliyokuzwa kwa miaka mingi na Fred McLafferty wa Chuo Kikuu cha Cornell. Zote mbili hununuliwa, na bei yake si ndogo kwa chuo cha kwetu.

Programu ya kutafuta huichukua spektra yako na kuilinganisha na kila spektra iliyomo. Kila mchoro hugeuzwa orodha ya namba, kisha hesabu ya vekta hutumika kuona orodha hizo mbili zinaelekea upande mmoja kwa kiasi gani. Kabla ya hesabu, mistari ya tungamo kubwa huongezewa uzito, kwa kuwa kipande kikubwa kina habari nyingi kuliko kidogo: kipande cha 43 kinapatikana karibu kila mahali, cha 316 hakipatikani ovyo. Jibu hutolewa kwa alama kati ya 0 na 999. Mwongozo wa NIST wenyewe unasema 900 kwenda juu ni ulinganifu bora sana, 800 hadi 900 ni mzuri, 700 hadi 800 ni wa wastani, na chini ya 600 ni mbovu.

Kuna alama ya pili ambayo wengi huipita. Ulinganifu wa kinyume huuliza kama mistari ya kwenye maktaba imo katika spektra yako, na kuipuuza mistari ya ziada uliyo nayo. Ukiona ulinganifu wa kawaida ni mdogo na wa kinyume ni mkubwa, shuku kwamba kampaundi mbili zimetoka kwenye mrija kwa wakati mmoja na mistari yao imechanganyika. Kwa tatizo hilo kuna programu ya AMDIS, ambayo NIST huitoa bure. Huangalia mistari gani inapanda na kushuka pamoja kwa wakati, kisha huitenganisha kuwa spektra mbili safi. Ilibuniwa kusaidia ukaguzi wa mkataba unaopiga marufuku silaha za kemikali, kazi ambayo haivumilii kukosea jina.

Kisha kuna namba ya tatu, uwezekano, inayoandikwa kwa asilimia. Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Mtu akiona asilimia 85 anadhani mashine ina uhakika wa asilimia 85. Sivyo. Namba hiyo hukokotolewa kwa kuwalinganisha walioorodheshwa wao kwa wao, kwa kuchukulia kwamba kampaundi unayoitafuta imo kwenye maktaba. Kama haimo, asilimia hiyo haina inachokueleza.

Na programu haitanyamaza. Ni kama mzee aliyeishi kijiji kimoja maisha yake yote: mwonyeshe picha ya mgeni kutoka mbali, atakuambia anafanana na mtoto wa nani pale kijijini, na anaweza kuwa sahihi kwamba wanafanana. Kampaundi ya mmea wa Kitulo ambayo hakuna aliyewahi kuipima nayo itapewa jina, pengine na alama 820, kwa sababu ina ndugu wa karibu ndani ya maktaba.

Shahidi wa pili

Kwa hiyo jina la kwanza kwenye orodha ni pendekezo, na pendekezo linahitaji shahidi ambaye hakutegemea spektra. Kwa GC-MS shahidi huyo yuko tayari, hana gharama kubwa, na inanisikitisha kwamba tasnifu nyingi humwacha nje: muda ambao kampaundi ilitoka kwenye mrija.

Muda wenyewe kwa dakika hausaidii, maana mrija ukikatwa kidogo au joto likibadilishwa, dakika hubadilika. Mwaka 1958 Ervin Kováts alipendekeza njia ya kuukwepa ugumu huo. Pitisha kwenye mashine ileile mfululizo wa alkani nyoofu, yaani minyororo ya kaboni na hidrojeni tupu, uzipe namba kwa kuzidisha kaboni zake kwa 100: ya kaboni 10 ni 1000, ya kaboni 11 ni 1100. Kisha ipange kampaundi yako kati yake. Kama alkani ya kaboni 10 imetoka dakika ya 10, ya kaboni 11 dakika ya 12, na kampaundi yako dakika ya 11.1, basi katika joto linalopanda taratibu namba yake ni 1055. Namba hiyo hubaki karibu vilevile kwenye mrija wa aina hiyo popote ulipo, na maktaba ya NIST imehifadhi namba za aina hii kwa kampaundi nyingi sana.

Thamani yake inaonekana wazi kwenye mafuta ya mipaini na milingoti, miti iliyofunika vilima vya Sao Hill. Alfapineni na betapineni zote ni C10H16, zote tungamo 136, zote mstari mkuu ni 93. Spektra zake zinakaribiana kiasi kwamba programu huweza kuzibadilishana nafasi kwa tofauti ya alama chache. Lakini kwenye mrija wa kawaida usio na polari moja hutoka kwenye namba kama 935 na nyingine kama 975. Hakuna tena ubishi. Geuza upande wa pili: limoneni na sineoli, ile yenye harufu ya dawa ya kuchua, hutoka karibu pamoja, zote pembeni ya 1030, ila spektra zake hazifanani, maana sineoli ina oksijeni na tungamo lake ni 154. Anachoshindwa shahidi mmoja, mwingine anakiweza.

Shahidi wa mwisho na mkubwa ni sampuli halisi ya rejea. Nunua pirethrini I safi, ipitishe kwenye mashine yako siku hiyohiyo, uone kama inatoka wakati uleule na kwa spektra ileile. Maabara zinazopima masalia ya viuatilifu kwenye parachichi za Rungwe na Njombe hufanya hivyo kila siku, kwa sababu zinatafuta orodha ya kemikali zinazojulikana mapema. Swali la "humu mna nini?" ni gumu zaidi, kwani huwezi kununua rejea ya kitu usichokijua bado.

Pale joto linapoharibu

Pareto ina ukorofi wake. Pirethrini haipendi joto: mlango wa mashine ukifika nyuzi 200 za Selsiasi na kuzidi, sehemu yake hujipanga upya na kuwa isopirethrini. Maktaba inaweza kutoa jina sahihi kabisa la kitu kilichofika kwenye kipimo, na bado likawa si jina la kitu kilichokuwa kwenye ua. Programu haina njia ya kulijua hilo. Mchunguzi ndiye anayepaswa kulijua.

Njia mojawapo ya kuepuka ni kutumia kromatografia ya kimiminika badala ya gesi, ikiunganishwa na spektrometa ya masi. Hapo molekuli hugeuzwa ioni kwa kunyunyizwa kutoka kwenye sindano yenye umeme, mbinu iliyompa John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Unyunyizaji huo ni mpole. Pirethrini I hubaki nzima, ikiwa imeongezewa protoni moja, na mashine nzuri huisoma kwenye 329.211. Ikibeba sodiamu badala ya protoni inasomeka 351.193, na programu isipojua kuziunganisha itakuambia una vitu viwili.

Upole huo una gharama. Ioni nzima haitoi vipande, hivyo mashine huichagua na kuigonganisha na gesi ili ivunjike. Nguvu ya mgongano huchaguliwa na mtumiaji, na kila aina ya mashine ina tabia zake. Ile faida ya elektronivolti 70 iliyotuwezesha kulinganisha spektra za dunia nzima haipo tena. Maktaba nzuri za aina hii huhifadhi spektra kadhaa za kampaundi moja, kila moja kwa nguvu yake, na mtafutaji anapaswa kulinganisha zinazokaribiana na zake.

Upande huu una kitu kizuri kwetu: maktaba huria. MassBank ilianzia Japani na sasa ina tawi kubwa Ulaya, MoNA iko Chuo Kikuu cha California kule Davis, na GNPS iko San Diego. Zote hutumika bure. Programu za kuchakata data, MS-DIAL na MZmine, nazo ni za bure kwa wanafunzi na watafiti wa vyuo, na kwa data za kiasi huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mafaili ya mashine huwa yamefungwa kwa mtindo wa kampuni iliyoitengeneza, lakini msConvert huyageuza kuwa mzML, mtindo unaosomwa na wote. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa, Iringa, au wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, asiye na mashine anaweza kupakua data zilizowekwa wazi na kujifunza kazi yote hii, mradi bando linatosha. Ningependa kuona hilo kwenye mitaala yetu, kwa sababu ujuzi wa kusoma spektra hauhitaji kusubiri mashine inunuliwe.

Hesabu ya ulinganifu nayo inabadilika. Mwaka 2021 kikundi cha Davis kilipendekeza kupima ulinganifu kwa entropia, kipimo cha namna urefu wa mistari ulivyosambaa, badala ya vekta, na kikaonyesha kwamba majibu ya uongo hupungua. Programu kadhaa tayari zimeuingiza utaratibu huo.

Kisichokuwemo maktabani

PubChem, hifadhi huria ya kemikali mtandaoni, ina miundo ya kampaundi zaidi ya milioni 100. Zilizopimwa spektra na kuwekwa maktabani ni sehemu ndogo mno ya hizo. Kuziba pengo hilo, watu wameandika programu zinazokisia. MetFrag huchukua miundo inayofaa na kuvunja vifungo vyake ndani ya kompyuta, kisha huangalia ni upi unaotoa vipande ulivyoviona. CFM-ID hutabiri spektra nzima kutoka kwenye muundo. SIRIUS, iliyotoka kwa kikundi cha Sebastian Böcker huko Jena, huanza kwa kutafuta fomula kwa kutumia isotopu na mti wa vipande, ndipo hutabiri sifa za muundo na kuzisaka kwenye hifadhi za miundo.

Nazitumainia kwa kutafuta njia, sizitumainii kwa kutoa hukumu. Zinapunguza miundo elfu moja ikabaki kumi, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini isoma, yaani kampaundi zenye fomula moja na miundo tofauti, zinazotofautiana kwa mahali pa kifungo kimoja, kama zilivyo nyingi kwenye mimea, mara nyingi huziacha kwenye kundi moja.

Ili msomaji wa ripoti ajue amepewa nini, Emma Schymanski na wenzake walipendekeza mwaka 2014 ngazi tano za uhakika. Ya kwanza ni muundo uliothibitishwa kwa rejea safi. Ya pili ni muundo unaowezekana sana, kwa mfano kwa ulinganifu mzuri na maktaba. Ya tatu ni miundo kadhaa inayoshindania nafasi, ya nne ni fomula tu, na ya tano ni tungamo sahihi bila kingine. Ripoti ikitaja kampaundi arobaini za mti wa dawa wa Rungwe bila kuandika ngazi hata moja, msomaji ana haki ya kuzihesabu zote kuwa za chini ya ngazi ya kwanza. Na mganga, mkulima au mfanyabiashara anayejenga hoja juu ya ripoti hiyo anastahili kuelezwa hivyo kabla hajachapisha lebo.

Mimea ya Kitulo, ya safu ya Livingstone na ya misitu ya Udzungwa haitapata spektra zake maktabani mpaka mtu azipeleke. Rekodi ya MassBank ni faili la maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Ndani yake huandikwa jina, fomula, muundo, InChIKey, yaani utambulisho wa muundo kwa herufi 27 pamoja na vistari vyake, aina ya mashine, ioni iliyochaguliwa kama ni ya protoni au ya sodiamu, nguvu ya mgongano, kisha orodha ya mistari na urefu wake. Anayetenga kampaundi safi kutoka kwenye mzizi au gome, akathibitisha muundo wake kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomu zilivyoungana, na kuipima kwa nguvu tatu tofauti, tayari ana rekodi tatu mkononi. Nguvu ya mgongano ikisahaulika kuandikwa, anayeitafuta kampaundi hiyo upande wa pili wa dunia hatajua ailinganishe spektra yake na ipi.